Mpagazi Arudi Ziwani

  Leo nataka nikutoe mjini kidogo. Usihofu, hutalipa nauli. Nitakupeleka upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kwenye ziwa dogo liitwalo Rutundu, mahali ambapo maji ni baridi, watu ni wachache na samaki ni mgeni. Nina kisa cha kukusimulia, na kisa chenyewe ni cha mjomba wangu.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni mwendo wa kilomita 200 hivi. Ukiupita mji wa Nanyuki ukashika barabara ya kwenda Meru, utafika Timau, penye mashamba makubwa ya ngano. Hapo unaiacha lami na kuanza kupanda. Upande huu wa mlima hupata mvua kidogo kuliko pande nyingine, kwa hiyo hutakutana na msitu mzito kama ule wa Chogoria. Utapita mashamba, utapita miti, kisha utaingia kwenye vichaka virefu vyenye majani membamba kama sindano, na juu ya matawi yake kumening'inia nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Baada ya hapo ni nyasi zilizoota mafungu mafungu, upepo, na mbingu.

Ziwa Rutundu liko mita 3,078 juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita chache tu kutoka mstari wa ikweta, na bado ukilala pale katika miezi ya kiangazi, unaamka asubuhi unakuta umande umeganda juu ya nyasi na hema yako imekauka kama kadibodi. Wanasayansi wamechimba tope la chini ya ziwa hilo, tope lililotulia tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 20,000, wakasoma humo habari za mvua, ukame na mimea ya zamani. Katika miaka hiyo yote, ndugu msikilizaji, isipokuwa hii mia moja na kitu ya mwisho, nchi hii haikuwa na hata samaki mmoja wa aina ninayotaka kuizungumzia.

Samaki huyo huitwa trauti. Si sato, si kambare, wala si mbuta wa Ziwa Victoria. Ni samaki wa nchi za baridi. Anataka maji baridi, maji yenye hewa nyingi, maji yasiyo na tope. Maji yakipata joto, hewa iliyomo hupungua, naye huanza kuhema kama abiria wa matatu iliyojaa ambayo madirisha yake hayafunguki.

Huyu hakuzaliwa hapa; aliletwa. Mwaka 1905, mlowezi aitwaye Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven huko Uskoti. Mayai yakaja kwa meli hadi Mombasa, yakapanda gari la moshi, na mwisho yakabebwa na wapagazi mpaka mto Gura katika milima ya Aberdare. Huyo alikuwa trauti wa rangi ya kahawia. Baadaye akaletwa ndugu yake, mwenye mkanda wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye kwao ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki upande wa Amerika ya Kaskazini. Ni huyu wa pili aliyetiwa katika ziwa la Rutundu. Mwaka 1948 kikafunguliwa kituo cha kutotolea trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mito na maziwa ya mlimani yasikose vifaranga.

Jina la Grogan limo vitabuni. Majina ya wapagazi waliobeba mayai yale hayamo. Naomba uliweke neno hilo pembeni, tutalirudia.

Utauliza, kwa nini watu wajisumbue hivyo kwa ajili ya samaki, na huku Ziwa Victoria limejaa? Jibu ni kwamba hawakuwa na njaa. Ulikuwa mchezo. Mvuvi wa trauti, kwa desturi yao, hatumii mnyoo. Anatumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Mshipi unarushwa nyuma, unarushwa mbele, mpaka yule mdudu wa bandia atue majini taratibu, samaki adanganyike. Ukiutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza utadhani mtu anafukuza nyuki.

Na kwetu sisi Wakikuyu wa wakati ule, jambo hilo lilikuwa la ajabu mara mbili. Wazee wetu hawakula samaki. Walimhesabu pamoja na nyoka. Kwa hiyo fikiria kijana wa Kikuyu amebebeshwa mizigo kupanda mlima wa baba zake, ili mgeni akamtafute nyoka wa majini, tena amtafute kwa furaha.

Kijana huyo alikuwa mjomba wangu. Alizaliwa mwaka 1942, akakulia katika kijiji cha vibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Timau. Mwaka 1960 alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa Januari ya mwaka huo huo. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, msitu wa mlima ulikuwa mahali palipokatazwa. Ndege za Waingereza zilidondosha mabomu humo, na mtu aliyeonekana mle ndani angeweza kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Basi siku moja mwenye shamba akapata wageni, akachagua vijana wanne wa kubeba hema, vyombo, vyakula na fito za kuvulia. Mjomba akawa mmoja wao. Walikaa ziwani siku tatu.

Siku ya pili jioni, mmoja wa wale wageni aliegemeza ufito wake juu ya mwamba, mshipi ukiwa majini, akaenda hemani kuchukua koti. Mjomba alikuwa ameketi hapo karibu, kazi yake ikiwa kungoja kuitwa. Mara ufito ukaanza kuteleza kuelekea majini. Samaki alikuwa ameuma. Mjomba akaruka akaudaka.

"Nilimsikia," aliniambia miaka karibu hamsini baadaye, huku akiniwekea mkono wake mbele kana kwamba bado ulikuwa na habari zile. "Nilimsikia mkononi. Kama mtoto anayekuvuta nguo sokoni."

Mgeni akatoka mbio hemani. Mjomba alitazamia kupewa asante. Badala yake alinyang'anywa ufito kwa matusi, na katika vuta nikuvute hiyo samaki akakatika akaenda zake. Kosa likawa la mpagazi. Waliporudi shambani, alikatwa mshahara wa siku moja.

Nilimwuliza, "Mjomba, si afadhali ungeuacha ufito ukaenda majini?"

Akacheka. "Ningeuacha ukaenda majini, ningekatwa bei ya ufito. Ukiwa mtu wa kubeba vitu vya watu, mpwa wangu, kosa huwa pande zote mbili. Wewe unachagua lililo rahisi kulipa."

Habari hii sikuijua mpaka Krismasi ya mwaka 2008. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu, nami katika buti ya gari nilikuwa na ufito mkuukuu wa kuvulia niliounua Gikomba, kutoka kwenye rundo la mitumba. Rafiki yangu mmoja kazini alikuwa amenifundisha kuutumia. Nikautoa ili nijionyeshe kidogo, kama ilivyo desturi yetu watu wa mjini tukienda mashambani. Mjomba akautazama. Akauchukua mkononi, akaupima uzito, halafu akaniambia kisa nilichokusimulia. Alipomaliza nikamwuliza, "Sasa kwa nini hukurudi tena?"

Aliniangalia kama nimemwuliza kwa nini hakwenda mwezini. "Kurudi? Nani angeniruhusu?"

Ndugu msikilizaji, nimelitafakari sana jibu hilo. Uhuru tuliupata mwaka 1963. Mjomba wangu alishangilia uhuru. Amepiga kura. Amenunua ekari zake tano. Amesomesha watoto sita, na mmoja wao ni mwalimu mkuu. Kila asubuhi akitoka nje kunawa uso, mlima ulikuwa mbele yake. Lakini kwa miaka arobaini na mitano ya uhuru, hakuna mtu aliyemwambia kwamba mlango ule umekwisha kufunguliwa. Naye hakuuliza. Mtu aliyefukuzwa mlangoni mara moja hawezi kujua mlango umefunguliwa mpaka ausukume, na aliyefukuzwa hasukumi.

Tukapanga safari. Februari 2009, wakati wa kiangazi, tukaondoka: mimi, mjomba, dereva mwenye Landrova ya zamani, na kijana wa Timau aliyeijua njia. Leseni ya kuvua nilikwisha kuilipia. Mjomba alivaa koti lake la kanisani na tai. Nikamwambia tunakwenda porini. Akasema, "Najua tunakokwenda. Mara ya kwanza nilikwenda bila viatu."

Tulipofika kwenye kizuizi cha askari wa wanyamapori, jambo likatokea ambalo bado linanichoma. Mjomba, mtu ambaye kijijini kwake hakuna kikao kinachoanza kabla hajafika, aliteremka garini akaja akasimama nyuma yangu. Si kando yangu, nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Watatukubalia?"

Askari alikuwa msichana mdogo, umri wa wajukuu wake. Akasema, "Karibu, mzee. Kitambulisho?" Mjomba akakitoa mfuko wa ndani wa koti, akakitoa kwa mikono miwili. Msichana akaandika kwenye kitabu, akaniambia kiasi cha kulipa kwa raia, ambacho ni kidogo kuliko cha wageni wa kutoka nje. Nikalipa. Akatupa risiti.

"Ni hayo tu?" mjomba akauliza.

"Ni hayo tu, mzee. Na msiwashe moto ovyo."

Akarudi garini akakaa kimya mpaka mwisho wa barabara. Miaka arobaini na tisa, na kilichokuwa kikihitajika ni kitambulisho ambacho alikuwa nacho mfukoni siku zote.

Gari likafika mahali haliwezi kuendelea, tukashuka tukatembea. Kule juu hewa ni nyembamba; kila baada ya hatua ishirini moyo wangu uligonga kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mimi nikapata maumivu ya kichwa. Mjomba, mwenye umri wa miaka sitini na saba, hakupata lolote. Alikwenda pole pole, hatua moja moja, na mkoba mgongoni. Nikamwambia, "Mjomba, leta mzigo huo nikusaidie." Akakataa kabisa. "Mzigo huu ni wangu," akasema. "Nikibeba changu, huo si upagazi."

Jioni tukalifikia ziwa. Sitaki nikudanganye kwamba ni kubwa. Ni ziwa dogo lililokaa katika bonde la nyasi na vichaka, maji yake meusi kwa kina, na juu yake, mawingu yakifunguka, unaona vilele vya mlima. Hakuna kelele yoyote isipokuwa upepo, bata wachache na pimbi wanaolia usiku kama mlango usiotiwa mafuta. Hakuna duka. Hakuna mtu wa kukuuliza unatafuta nini. Mjomba alizunguka ukingo mpaka akaupata mwamba. Akausimamia, akauangalia kwa muda.

"Ndio wenyewe?" nikauliza.

"Ndio. Lakini ulikuwa mkubwa zaidi. Ama mimi nimekua."

Jioni hiyo tulivua hatukupata kitu. Usiku baridi ikatufundisha adabu. Asubuhi, jua lilipoyeyusha umande, nikaanza kumfundisha mjomba kurusha mshipi. Mkono wake umezoea panga na jembe, na mshipi wa trauti hautaki nguvu. Mdudu wetu wa bandia alinasa vichaka, akanasa koti la kanisani, akanasa kofia yangu mara mbili. Kijana wa Timau akaomba ruhusa ya kwenda kuketi mbali.

Kufika saa nne hivi, upepo mwepesi ukakuna uso wa maji. Mjomba akarusha, safari hii bila kutumia nguvu, labda kwa sababu ya kuchoka. Mdudu akatua vizuri. Tukangoja. Kisha mshipi ukakaza.

Nilipiga kelele, "Mwachie! Mwachie mshipi aende!" Lakini mjomba hakuwa akinisikia. Wala hakuhitaji. Alimwachia samaki alipovuta, akamvuta alipochoka, akamwachia tena, uso wake umetulia kama mtu anayesikiliza habari katika redio. Nikaingia majini na wavu wa mkono nikamteka. Alikuwa trauti wa urefu wa kiasi, mgongo wa kijani wenye madoa meusi, na ubavuni ule mkanda wa waridi.

Hapo nikajitia ujuzi. Nikamweleza mjomba kwamba siku hizi wavuvi wengi wa mchezo huu humtoa samaki ndoana, wakamrudisha.

Akaniuliza, "Nimrudishe kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kijana wa Timau akamsafisha samaki, akamkaanga kwa chumvi na mafuta ya Kimbo katika sufuria, juu ya jiko dogo la gesi tulilokuja nalo. Mjomba alikuwa hajaonja samaki maishani mwake. Alivua kofia, akaomba Mungu kwa kirefu, kisha akatia kipande kinywani akakitafuna kama mtu anayekunywa dawa ya hospitali. Sote watatu tukamkodolea macho.

"Vipi, mjomba?"

"Ana miiba," akasema. Akachukua kipande cha pili. "Lakini si nyoka."

Wakati wa kuteremka nilimwuliza kuhusu ile siku moja aliyokatwa mshahara. Je, sasa imelipwa? Alifikiri kwa mwendo wa kona mbili. "Haijalipwa," akasema. "Bado nawadai. Lakini sasa nawadai nikiwa nimeshiba."

Mwaka uliofuata, Oktoba 2010, mwana wa mfalme William wa Uingereza alikuja Kenya na mpenzi wake Kate Middleton, na huko mlimani akamposa. Habari zilitangazwa Novemba 16, na magazeti ya dunia yakalitaja ziwa Rutundu, yakaandika pia kwamba wawili hao walijaribu kuvua samaki wasipate hata mmoja. Usiku huo mjomba alinipigia simu. "Umesikia?" akauliza. "Mimi nilipata samaki, yeye akapata mke. Kila mtu na ndoana yake."

Sasa, ndugu msikilizaji, tuache kicheko tuzungumze. Tangu habari zile zitoke, nikilitaja ziwa hili mjini, watu huniambia, "Ah, kule kwa wafalme." Na hapo ndipo ninaposikitika. Maana huo ni mlango ule ule wa mjomba, umefungwa kwa mara ya pili, na safari hii tumeufunga wenyewe. Mwaka 1960 ulifungwa na sheria na bunduki. Leo unafungwa na neno moja: "Si pa watu kama sisi." Wangapi miongoni mwetu wamefika Mombasa mara kumi, lakini mlima ulioipa nchi hii jina wameuona katika picha tu? Utasema ni gharama. Kweli, gari la kupanda kule ni ghali, na mshahara haukui. Lakini watu wanne wakichanga, kama wanavyochanga kwa arusi, wataweza. Tunazo fedha za kumwozesha jirani, tukikosa za kuonyeshana nchi yetu.

Pili, kuna swali la yule samaki mwenyewe. Wako wanaosema kwamba trauti ni mlowezi kama waliomleta, na kwamba afadhali atoweke. Siwapuuzi. Ni kweli kwamba samaki anayekula wadudu na viumbe wadogo, akitiwa mahali ambapo hakuwako, hubadili maisha ya mahali hapo, na mimi singependa atiwe katika kila kijito kilichobaki bila yeye. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa zaidi ya miaka mia moja. Jembe lake ni lipi?

Mimi nasema jembe lake ni ushahidi. Trauti hawezi kusema uongo kuhusu maji. Msitu ukikatwa, kijito kikapata jua na tope, yeye ndiye wa kwanza kufa, kabla wewe na mimi hatujajua kuna jambo. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliuchunguza mlima huu kwa ndege, likakuta miti ya thamani ikikatwa, tanuri za makaa na hata mashamba ya bangi ndani ya msitu. Mwaka uliofuata msitu ukawekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Maji yatokayo mlimani huingia mto Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Upande wa kaskazini huingia Ewaso Ng'iro, ambako wafugaji na mifugo yao huyangoja. Kwa hiyo taa ya chumbani mwako na ng'ombe wa mtu wa Isiolo vina habari na yule samaki mwenye mkanda wa waridi. Palipo na trauti mwenye afya, maji bado ni maji.

Tena kuna jambo jingine ambalo trauti ametufundisha. Jike wake hutaga katika changarawe, mahali ambapo maji yanapita. Mayai yake hayawezi kusitawi katika tope la ziwa lililotulia. Ndiyo maana maziwa mengi ya aina hii, hapa kwetu na ng'ambo, hutegemea vifaranga vinavyoletwa na watu. Wakiacha kuvileta, samaki waliomo huzeeka, hupungua, mwisho hubaki maji matupu na hadithi. Hakuna aliyewaua; wamesahauliwa tu. Vitu vingi vya umma hufa hivyo hivyo, ndugu msikilizaji. Maktaba hufa hivyo, kiwanja cha watoto hufa hivyo. Kila mtu anadhani ni cha mwingine, mpaka kinakuwa si cha mtu.

Nilikuomba uliweke pembeni lile neno la wapagazi. Wao ndio waliobeba mayai hadi Gura, na vijana kama mjomba ndio waliobeba fito hadi Rutundu. Kila kilichofika juu kule, kilifika mgongoni mwa mtu wa hapa. Basi asikwambie mtu kwamba kule si kwenu. Kule kumelipiwa, na baadhi ya malipo bado tunadai.

Mjomba yuko hai. Amepita miaka themanini, magoti yake hayamruhusu tena kupanda. Lakini mwaka jana mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo, alipanga kwenda ziwani na wenzake watatu. Akamwendea babu yake kuaga na kuomba mawaidha. Mimi nilikuwapo, nikatega sikio, nikidhani nitasikia maneno mazito ya wazee kuhusu mlima, mababu na uhuru.

Mjomba akamtazama, akasema, "Chukua kitambulisho. Simama mbele. Na msiwashe moto ovyo."

Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia. Kwaheri.